Tone la Nili

Theluji iliiangukia Rouen usiku kucha
bila kishindo, kama mtu anayelipa deni gizani.
Kulipokucha mtaa wetu wa watia-rangi
haukuwa na mfereji, haukuwa na taka,
hata kibanda cha Gaspard mchoma njugu
kilionekana cha mtu mwenye nafasi yake.

Mimi nilikuwa na mashati kumi na mawili ya wakili,
kapu limenilalia nyonga ya kushoto,
ile iliyoteguka nilipomzaa Leonie.
Ghorofa ya tatu, yule Anselme Quibel
kafungua dirisha wazi, mwendawazimu,
glavu kakata vidole, pua nyekundu kama figili.
"Bibi Zelie! Simama hapo! Kidogo tu!"
Nikamwambia: shati likiganda linavunjika, bwana,
na wewe hutalilipa.

Sikusimama.
Yeye akikimbizana na jua lisimyeyushie mtaa,
mimi nikikimbizana na saa nne.
Nikarudi na kapu tupu. Nikaenda tena, na mashuka.
Mara tatu niliukata mtaa ule
na mara tatu akanichukua bila ruhusa.

Nasikia rangi nyeupe ilimwishia kabla ya mchana.
Akamtuma mtoto dukani kwa Odile Trinquart,
mtoto akarudi na jibu: mkono mtupu haulambwi.
Basi pembe moja ya turubai akaiacha uchi,
na hapo ndipo, wallahi, theluji ilipo nzito kuliko kote.

Kwaresima picha ikatundikwa
kwenye dirisha la Bazire mtengeneza fremu.
Watu wakajaa. Mfamasia akacheka hadi akavua miwani:
"Theluji ya buluu! Atibiwe macho kwanza."
Mtumishi wa padri akasema haijakwisha,
na kwamba aibu ni ya Bazire.

Nilisimama nyuma yao, mikono imepasuka kwa magadi.
Nilitaka kuuliza, nikameza:
nani hapa amewahi kufua?
Nguo haiwi nyeupe kwa weupe.
Ifue, ichemshe, ifue tena,
itakuja njano kama jino la mvuta tumbaku.
Ni suuzo la mwisho, vidole vimeshakufa ganzi,
ndipo unapotia nili:
tone, maji yabadilike kidogo tu,
kama uso wa mtu aliyekumbuka jambo.
Shuka linatoka jeupe hata unafumba jicho.
Mfamasia huyo analala juu ya buluu yangu kila usiku
na hajawahi kuiona.

Quibel yeye hakuificha. Ndilo kosa lake.

Leonie, miaka sita, alikuwa akitafuta mbwa katika picha.
Mbwa hakuna. Akabandika kidole kwenye kioo:
"Mama, huyu wewe."
Nikasogea. Mipigo miwili ya kahawia,
mmoja mweupe juu yake. Basi.
Hapana uso, hapana mkono,
doa la kahawa kwenye kitambaa cha meza.
"Umejuaje?"
"Si umeegemea."

Nikatazama tena.
Doa lilikuwa limeegemea kushoto.
Miaka sita naificha nyonga ile
chini ya sketi mbili na mwendo wa haraka;
mume wangu, Mungu amrehemu, hakuiona.

Aprili Quibel akahama usiku, kodi hajalipa,
mwenye nyumba akaizuia picha,
akaitundika, wanasema, juu ya ngazi ya kwenda stoo.
Nami nilikuwa namdai ufuaji wa fulana tatu.
Sikumfuata.

Jioni ile ya dirishani nilirudi kwenye beseni
nikatia tone langu.
Nikasita.
Nikatia la pili.

Kesho yake wakili akaja mwenyewe mlangoni, kola mkononi,
kaigeuzageuza kwenye mwanga,
akasema haina doa, hapana,
ila leo, sijui kwa nini, inampa baridi.